UCHAMBUZI: Tahadhari ya mafuriko isipotimia haimaanishi ni uongo

Kila Idara ya Hali ya Anga inapotoa tahadhari ya mafuriko, baadhi ya wakazi wa mabondeni huhama ilhali wengine husalia. Wanaosalia aghalabu hulaumiwa kwa ukaidi. Hata hivyo, utafiti kuhusu ubongo unaashiria kuwa chanzo ni jinsi binadamu anavyojifunza.

Mnamo 1997, wanasayansi Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kuwa seli zinazotoa kemikali ya dopamini huchangamka tukio linapokuwa bora kuliko lilivyotarajiwa, na hufifia tuzo iliyotarajiwa inapokosekana. Hivyo ndivyo ubongo hurekebisha matarajio yake kila unapokosea.

Aidha, mwaka wa 2007 Timothy Behrens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walibaini kuwa mambo yanapobadilika kwa kasi, watu huyapa matukio ya karibuni uzito zaidi. Mambo yakitulia, kosa moja haliwatikisi sana.

Utaratibu huo hufaa pale ambapo mtu hupata fursa nyingi za kujirekebisha. Mafuriko makubwa ni nadra. Mvua ya El Nino ya 1997 ilisomba barabara na madaraja. Mnamo 2015 tahadhari ilitolewa tena, lakini katika maeneo mengi mvua haikulingana na hofu iliyokuwa imetanda. Wengi walihitimisha kuwa watabiri hawaaminiki.

Oktoba 2023, Rais William Ruto alisema mvua ingekuwa kubwa ila isingefikia kiwango cha maafa cha El Nino. Kufikia Desemba, zaidi ya watu 100 walikuwa wamefariki. Aprili 29, 2024, maji yalivamia makazi ya Mai Mahiu kabla ya mapambazuko na kuua makumi ya watu. Anayefunzwa na mafuriko ya aina hiyo huenda asiishi kulitumia funzo hilo.

Suluhu ya kwanza ni lugha. Mwananchi akiambiwa kuwa uwezekano wa mafuriko ni saba kwa kumi, ataelewa kuwa mara tatu kwa kumi hayatatokea, na kukosekana kwake hakutahesabiwa kuwa uongo.

Suluhu ya pili ni gharama. Anayehama huacha nyumba, mifugo na riziki, na ubongo wake hupima hasara hiyo ya hakika dhidi ya hatari isiyo ya hakika. Pasipo makao ya muda na ulinzi wa mali, hata tahadhari sahihi itaendelea kupuuzwa.