Tumbawe likinyauka, pima chumvi kwanza

IWAPO unafuga samaki wa baharini katika tangi la kioo pale sebuleni, huenda siku moja ukatamani kuongeza kitu chenye rangi kuliko mawe matupu. Wengi huanza na matumbawe ya uyoga, na wana sababu nzuri. Ni viumbe wasio na makuu na huvumilia makosa ya mwanagenzi. Lakini anayevumilia naye ana kikomo, kama nilivyojionea mwenyewe.

Usidanganywe na jina. Hawa si uyoga wala si mimea, bali ni wanyama. Ni jamaa wa karibu wa matumbawe magumu yanayojenga miamba, ila wao hawana mifupa ya chokaa. Kila mmoja ni kama kisahani laini kilichoshikamana na jiwe, mdomo ukiwa katikati. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana taa ni muhimu kwake kuliko kulishwa.

Hata hivyo, mwanga usizidi. Uweke uyoga chini ya tangi au kwenye kivuli cha jiwe, na taa iwake kwa saa nane hadi kumi kwa siku. Ukiona umejinyoosha kama unaochungulia dirishani, unatafuta mwanga. Ukijikunja na kupauka, mwanga ni mkali mno. Pampu nayo isielekezwe kwake moja kwa moja, kwani hupenda maji yanayopita polepole.

Sasa nikusimulie yaliyonipata. Nilikuwa na uyoga watatu wa rangi ya zambarau, kila mmoja mpana kama kiganja cha mtoto. Baada ya mwezi mmoja wakaanza kusinyaa hadi wakawa kama vifungo vya koti. Nami bila kuuliza, nikamgombeza mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari tunayeishi naye, kwamba amekuwa akiwagusagusa. Nilimgombeza mbele ya wageni. Kijana akainama, hakujibu neno.

Siku kadhaa baadaye alinikuta nikijaza maji yaliyopungua tangini. Akaniuliza kwa upole, "Mjomba, hayo maji yana chumvi?" Nikamjibu kwamba bila shaka yana chumvi, kwani si tangi la bahari? Akasema, "Lakini mchuzi ukikauka jikoni, chumvi haiondoki na mvuke."

Nyani haoni kundule! Nilichukua hidromita, chombo cha kupimia chumvi, nikakuta 1.030 badala ya 1.025. Maji yalikuwa yakipaa kila siku na kuacha chumvi nyuma, nami kila juma nikiongeza chumvi nyingine. Mwenye kuwaua uyoga wale nilikuwa mimi.

Basi shika hili, msomaji. Maji yaliyopaa hujazwa kwa maji matamu yaliyochujwa, bila chumvi. Piga alama kwenye kioo uone yanapopungua. Maji ya chumvi hutumika tu unapobadilisha yale ya zamani, takribani sehemu moja kwa kumi kila baada ya wiki moja au mbili. Tumia chumvi maalumu ya matangi ya bahari, yapata gramu 35 kwa lita, si ile ya jikoni. Maji ya bomba yakiwa na klorini au shaba hudhuru, kwa hivyo usiyamimine hivi hivi.

Joto nalo libaki kati ya nyuzi 24 na 26. Nairobi mwezi wa Julai utahitaji hita. Mombasa mwezi wa Machi huenda ukahitaji feni ya kupoza maji. Na kabla ya kutia mkono tangini, nawa na usuuze vizuri, maana mabaki ya sabuni na mafuta ya kujipaka ni sumu.

Mambo yakienda vyema, uyoga huzaana wenyewe. Mwingine huacha kipande cha mguu wake jiweni, nacho kikawa uyoga mpya. Ukizidi, mgawie mfugaji mwenzako. Kamwe usiutupe mtoni wala baharini. Mwaka wa 1991 meli ya uvuvi ilikwama na kuvunjika Palmyra, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Katika miaka iliyofuata, uyoga aina ya Rhodactis howesii ulienea kutoka pale penye mabaki yake ukafunika matumbawe mengine. Wanasayansi walishuku kwamba chuma kilichokuwa kikiyeyuka kutoka melini ndicho kilichourutubisha. Kiumbe mpole wa sebuleni anaweza kuwa mnyang'anyi akipata nafasi.

Vivyo hivyo, ukienda pwani likizoni, usirudi na tumbawe mfukoni. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, na kung'oa kitu humo ni marufuku. Miamba yetu ilikwisha kuumia vya kutosha mwaka wa 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe mengi yakapauka na kufa.

Na wale uyoga wangu? Nilipunguza chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana mabadiliko ya ghafla nayo huua. Wawili walifunguka tena, mmoja tulimpoteza. Siku walipofunguka, nilimwita mpwa wangu nikamwomba radhi, na nilihakikisha wageni wale wale wapo. Tangu hapo hidromita hushika yeye.