Sindano za Aleji Ukubwani: Nimeamua Kusubiri, na Sababu Yangu Ni Hii

 

Wiki mbili nyuma alikuja dukani kwangu bi harusi mtarajiwa kujipima gauni lake. Kabla sijamfunga zipu alipiga chafya saba mfululizo, macho yakamwiva, akacheka kwa haya. Akaniambia, "Usijali dada, wiki ya harusi nitakwenda kupigwa sindano ya aleji, nitakuwa sawa." Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kumjibu. Lakini maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka nilioolewa, na usiku ule nikaona niandike.

Mimi ni fundi cherehani na nina duka la nguo za harusi. Tangu nina miaka ishirini na kitu naamka pua imeziba, kaakaa linawasha, na ikifika masika kifua nacho kinapiga filimbi usiku. Watu wote waliniambia ni vumbi la vitambaa, niache kazi. Nisingeweza kuacha kazi inayonilisha. Nikaishi na leso mkononi mpaka mwaka huu, nilipokwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, akanipa jambo la kuamua: nianze sindano za aleji au nisianze, nami nina miaka 37.

Nimeamua. Ila kwanza tuelewane ni sindano gani tunayoizungumza, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea.

Sindano mbili, jina moja

Ile aliyoitaja yule bi harusi, na niliyopigwa mimi mwaka wa harusi yangu katika duka moja la dawa, mara nyingi ni dawa ya steroidi, kama deksamethasoni au haidrokotisoni, pengine pamoja na dawa ya kuzuia muwasho. Inatuliza uvimbe haraka. Unatoka hapo unapumua, unaona umepona. Baada ya muda mambo yanarudi palepale, unarudi tena dukani. Dawa hii ina kazi yake hospitalini, na imeokoa roho nyingi. Lakini kupigwa mara kwa mara bila daktari kukufuatilia kunapandisha sukari na presha, kunadhoofisha mifupa na kunavimbisha uso. Mimi nilipigwa nne kwa mwaka ule. Hakuna aliyenipima presha hata siku moja.

Sindano za aleji zenyewe ni kitu chengine kabisa. Unapigwa chini ya ngozi ya mkono, na kilichomo ni kiasi kidogo sana cha kitu kilekile kinachokusumbua. Wanaongeza kidogo kidogo mpaka mwili unazoea na kuacha kupigana nacho. Njia hii si ya jana. Daktari Leonard Noon aliieleza London mwaka 1911, kwa watu waliosumbuliwa na chavua ya majani. Na si ya watoto peke yao, kama shangazi yangu alivyoshikilia. Watu wazima nao hupata nafuu, na kwa wengi nafuu hiyo hubaki miaka kadhaa baada ya kumaliza dozi.

Kwa hiyo bi harusi, ukisikia "sindano ya aleji", uliza: ni ya kutuliza leo, au ni ya kuufundisha mwili kwa miaka? Anayekuahidi kuwa utapona kwa sindano moja kabla ya harusi anakupa ile ya kwanza.

Haitibu kila chafya

Jambo la pili nililojifunza lilinishangaza. Sindano hizi hazisaidii kila kitu. Zinafaa kwa wadudu wa vumbi, chavua, manyoya ya paka, sumu ya nyuki na vitu vya namna hiyo. Aliyevimba midomo kwa kula kamba au pweza, hizi si zake. Na yule ambaye pua inamwasha kila akifukiziwa udi au akijipulizia marashi, mara nyingi hiyo si aleji. Moshi na harufu kali vinachokoza pua tu, na hakuna sindano ya kuizoesha udi. Dawa yake ni kukiweka chetezo mbali, kufungua dirisha, na kumwambia somo wako mapema kwamba nguo zifukizwe siku moja kabla, wewe usiwemo chumbani. Hakuna aibu hapo. Bi harusi anayepumua ni mzuri kuliko bi harusi anayenukia huku anakohoa.

Ndiyo maana kipimo kinatangulia. Nilivuka kwenda Dar es Salaam. Wakaniwekea matone mkononi, wakanichoma kidogo kidogo juu ya kila tone, tukasubiri kama robo saa. Siku kadhaa kabla niliambiwa niache vidonge vya aleji, maana vinaficha majibu. Tone la wadudu wa vumbi likatoa kipele kikubwa kilichowasha vibaya. Mengine yote kimya.

Wadudu hawa hawaonekani kwa macho. Wanakula magamba madogo ya ngozi yetu, wanakaa ndani ya magodoro, mito na makochi, na wanapenda hewa yenye unyevu. Fikiria kisiwa chetu. Fikiria mto wa sufi niliorithi kwa bibi yangu, ninaoulalia tangu nipo skuli. Miaka yote nalaumu vitambaa vya dukani, kumbe adui nampa mgongo kila usiku.

Hesabu niliyoipiga

Daktari alinieleza mpango. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, sindano kila wiki, pengine mara mbili kwa wiki. Ukishafika kwenye dozi kamili, mara moja kwa mwezi au karibu na hapo, kwa miaka mitatu hadi mitano. Kila sindano unakaa kliniki nusu saa ukiangaliwa, kwa sababu mara chache mwili unaweza kukataa kwa kishindo: koo linabana, presha inashuka. Pale lazima pawe na adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Hii si sindano ya kupigiwa nyumbani na jirani muuguzi, hata akiwa mwema vipi. Na mwenye pumu isiyotulia hapewi mpaka itulie kwanza. Mwenye dawa za presha amwambie daktari majina yake, kwani zipo ambazo haziendi pamoja na sindano hizi.

Nikachukua kalamu, kama ninavyopiga hesabu ya mita za kitambaa. Wiki 24, halafu miezi 36. Hizo ni safari 60 kwa uchache. Kwangu kila moja ni boti ya kwenda na boti ya kurudi, kama saa mbili kila upande, na duka limefungwa. Nisiwemo Rajabu na Shaabani, wakati kila mama anataka gauni la mwanawe? Wifi yangu anaishi Muscat, kliniki iko karibu na kwake, ameingia mwaka wa pili na anashukuru Mungu, sasa analala bila kukoroma. Lakini yeye hapandi boti kila wiki.

Hata hivyo, dada zangu, pesa na boti visingenizuia. Pesa ni yangu, nimeichuma kwa cherehani, na pua hii imeninyima usingizi miaka 15. Kilichonizuia ni swali moja ambalo daktari aliniuliza akiwa anaandika, hata hakuinua kichwa: "Unatarajia kubeba mimba karibuni?"

Nina mtoto mmoja, ana miaka tisa. Baada yake zimetoka mbili. Mimi na mume wangu bado tunaomba.

Sindano hizi hazianzishwi mwanamke akiwa mjamzito. Si kwamba zinamdhuru mtoto zenyewe. Hatari ni ule mkato wa presha ukitokea wakati wa kupandisha dozi, ambao unaweza kumnyima mtoto hewa. Aliyekwisha kufika dozi kamili na mwili umeipokea vizuri, akishika mimba anaweza kuendelea bila kuongezewa, kwa makubaliano na daktari wake. Kwa hiyo kwangu kuanza sasa maana yake ni kuahirisha mtoto nusu mwaka au zaidi, katika umri ambao kila mwezi nauhesabu.

Tulikaa mimi na mume wangu, tukazungumza usiku mzima. Yeye alisema nianze, kwani anasikia ninavyohema. Niliswali istikhara, nikarudi kwa daktari kuuliza tena, na moyo ukatua kwenye kusubiri. Mtoto kwanza, inshaAllah. Nikijaaliwa kuzaa, kunyonyesha hakuzuii kuanza sindano. Nisipojaaliwa, nayo ni kheri yangu, na mlango wa kliniki utakuwa bado wazi.

Kusubiri si kukaa bure

Nilipokataa sindano sikukubali kuendelea na leso. Mto wa bibi nimeuaga, Mungu amrehemu. Nimeshona foronya za zipu zinazofunika mto na godoro pande zote, kwa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, ambacho ukikiinua mbele ya taa huoni tundu. Mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya moto, kisha jua. Zulia la chumbani limetoka.

Na ile dawa ya kupuliza puani, ambayo miaka yote nilikuwa naitumia siku tatu na kuiacha nikisema haifai, nimefundishwa kuitumia: kila siku bila kukosa, kichwa umeinamisha kidogo, ncha umeielekeza upande wa sikio na si katikati ya pua, na usivute kwa nguvu ikaingia kooni. Wiki ya pili ndipo nilipoona tofauti. Sijapona. Lakini mwezi huu nimelala usiku mwingi kuliko mwaka mzima uliopita. Laiti ningefundishwa hivi nikiwa na miaka 22.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa, chafya ni ya kusubiri tu. Subira ni ibada, lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na mwanamke asiyelala hawezi kuitendea haki kazi yake, nyumba yake wala swala yake ya alfajiri. Na kwa wanaohofia Ramadhani: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1997, lilisema sindano za tiba zisizokuwa za lishe hazifunguzi. Vipo pia vidonge vya wadudu wa vumbi vinavyowekwa chini ya ulimi kila siku, na hivyo mfungaji atavitumia usiku. Kuhusu dawa ya kupuliza puani, maulamaa wamekhitalifiana, basi muulize sheikh unayemwamini. Mimi napuliza usiku, nikawa salama.

Uamuzi wangu si lazima uwe wako

Sisemi sindano hizi ni mbaya. Ningekuwa na miaka 23, harusi yangu bado mwaka mzima, kliniki iko karibu na pua yangu ndiyo hii, ningeanza leo, ili mimba ikija inikute kwenye dozi kamili. Ndilo nililomwambia mpwa wangu, ambaye yuko chuoni Dar. Dada aliyemaliza kuzaa naye hana sababu ya kusema "nishakuwa mkubwa".

Ninachosema ni kwamba kwa mwanamke, swali la kwanza si sindano inauma kiasi gani wala inagharimu kiasi gani. La kwanza ni miaka mitatu ijayo umeipangia nini. Kama hujui, kaa na mwenzako mjue kwanza. Na kama unaolewa, usimfiche mchumba wako pumu wala aleji yako kwa sababu bibi mmoja amekwambia utaachwa. Huyo ndiye atakayekupeleka hospitali usiku wa manane. Akijua leo, atajua pa kukimbilia.

Yule bi harusi alirudi juzi kuchukua gauni. Nilimtoa pini nikamweleza yote haya, kwa kifupi. Hakwenda kupigwa ile sindano. Amekwenda kupimwa, na mto wake nimemshonea foronya ya zipu, zawadi ya harusi. Aliniuliza nitaanza lini zangu. Nikamwambia, akishajaaliwa Mola wangu kunipa jibu la dua nyengine.

Niombeeni dada zangu, nami nawaombea. Allah awape afya wagonjwa wetu wote na awajaalie kheri mabi harusi wetu. Ameen.