SI KILA TUMBO NI VIDONDA (Sehemu ya 4)

Ndugu zangu wa Mwisenge, leo simung'unyi maneno: acheni kuita kila tumbo "vidonda". Unaharisha damu, unakimbilia duka la dawa kununua omeprazoli. Nani kakupima?

Sisi ni watu wa ziwa. Tunaoga humo, tunafua humo. Minyoo ya kichocho inatoka kwa konokono, inapenya ngozi, inataga mayai kwenye mishipa ya utumbo. Mengine yanasombwa hadi kwenye ini. Miaka inapita, bandama inavimba, mishipa ya umio inapasuka, mtu anatapika damu. Halafu mnasema karogwa!

Kipimo ni choo tu. Wakikosa mayai na dalili bado zipo, rudia. Dawa ipo, prazikwanteli. Ukitapika damu, hospitali sasa hivi, siyo kesho.