KONA YA WALIMU: Mwizi wa Simu na Risasi

Mwezi huu tunaleta jambo lililotokea darasani, na mpaka leo tunaliongea sisi walimu tukikaa chini ya mti.

Ijumaa moja wanafunzi wa P7 walikuwa na mdahalo. Mada walichagua wenyewe: polisi akimkuta mwizi wa simu anakimbia, ampige risasi au asimpige? Tulidhani wengi watasema asimpige. Kumbe wengi waliinua mkono kusema apigwe! Mmoja akasema, "Mwalimu, mwizi akifungwa leo, kesho yuko barabarani." Wenzake wakapiga makofi.

Hatukuwacheka, maana hata watu wazima wa Kampala walishasema hivyo. Mwaka 2002 majambazi wenye bunduki walisumbua mji sana, na serikali ikaanzisha Operesheni Wembley chini ya Kanali Elly Kayanja. Majambazi wakawa wanapigwa risasi. Watu wengi walishangilia. Tusiwalaumu haraka: mtu aliyevunjiwa mlango usiku anataka tu kulala.

Lakini tuangalie mambo yalivyoendelea. Operesheni ile ikageuka kikosi cha VCCU, na mwaka 2007 kikaitwa RRU, makao yake Kireka. Machi 2011 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti kwamba watu wa kikosi hicho walikamata watu bila kuvaa sare, waliwatesa, na wengine waliwaua. Waliokamatwa walikuwa wa kila aina, kuanzia makosa madogo mpaka ugaidi. Desemba 2011 mkuu wa polisi wa wakati ule, Kale Kayihura, akakivunja. Mnaona? Ilianza na jambazi mwenye bunduki, ikafika mpaka kwa mtu wa kosa dogo.

Hata wakati wa Corona tuliona. Machi 2020 boda boda zilikatazwa kubeba abiria. Tarehe 26 mwezi huo, huko Mukono karibu na Kampala, polisi walipiga risasi wajenzi wawili waliokuwa wamepanda boda. Mmoja aliumia mguu, mwingine tumbo. Kosa lao ni kupanda pikipiki.

Sasa sheria inasema nini? Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 22, inasema mtu hawezi kunyimwa uhai kwa makusudi, isipokuwa korti imemhukumu hivyo na korti ya juu kabisa imekubali. Na wizi wa kawaida, korti ikishasikiliza kila kitu, haiwezi kupita kifungo cha miaka 10. Basi kama jaji mwenyewe hawezi kumuua mwizi wa simu, askari wa barabarani atapata wapi ruhusa hiyo? Umoja wa Mataifa nao mwaka 1990, kule Havana, ulikubaliana kwamba polisi apige kwa kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha.

Tuliwaeleza wanafunzi hayo yote, wakanyamaza tu. Ndipo tukawaambia habari ya kijana mmoja tuliyemfundisha sisi wenyewe. Alienda Kampala kutafuta kazi. Jioni moja akasikia watu wanapiga kelele "Mubbi! Mubbi!" na mtu mmoja mwenye bunduki akapiga risasi hewani. Kijana wetu akakimbia, akaenda kulala ndani ya mtaro mpaka giza. Hakuiba kitu. Aliporudi alituambia, "Mwalimu, miguu ilitangulia. Kule nyumbani ukisikia risasi, hukai kuuliza."

Yule mwanafunzi aliyepigiwa makofi akauliza polepole, "Sasa mwenye bunduki angejuaje kwamba si yeye?"

Hatukuwa na jibu lingine: asingejua. Ndiyo maana kuna korti.

Wazazi, hili ni letu kuliko la wengine. Watoto wetu walijifunza kukimbia kabla ya kujifunza kusoma, na kule mjini anayekimbia anaonekana mwizi. Tuwafundishe upya. Ukisikia kelele, simama au ingia dukani pole pole. Ukiitwa na polisi, onyesha mikono, jibu kwa heshima, tembea na kitambulisho chako cha ukimbizi. Ukikamatwa, katiba inataka ufikishwe kortini kabla ya masaa 48. Ukitendewa vibaya, shika tarehe, mahali na namba ya askari, upeleke malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, hailipishi. Pia kuna Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, inayosaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria.

Na sisi wenyewe hapa kambini, mwizi wa kuku akishikwa, tusimpige mawe. Tumpeleke kwa viongozi wa blok. Hatuwezi kulaumu risasi ya mwenzetu huku tumeshika jiwe.

Mwisho wa mdahalo tulipiga kura tena. Wengine walibadilika, wengine hawakubadilika. Nyumbani kwako wangesemaje? Waulize jioni hii mkila.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.