Kwani Matibabu ni Dawa Tu?

Mwezi uliopita hospitali moja ya rufaa, ambayo sitaitaja, iliacha kupima virusi puani mwa watoto waliolazwa kwa kifua. Sababu iliyotolewa ni fupi: majibu hayabadilishi matibabu. Uamuzi mbovu huo.

Kweli, vifaa ni ghali. Kweli pia, virusi vya RSV, miongoni mwa vinavyoleta kifua hicho, havina dawa ya kawaida wodini. Mtoto hupewa oksijeni na maji, na mwenye nimonia kali huchomwa antibiotiki hata virusi vikionekana, maana huenda kuna bakteria pia. Wapo wanaosema virusi hukutwa hata kwa watoto wazima. Vingine, ndiyo. RSV kwa nadra: utafiti wa PERCH wa nchi 7, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, uliochapishwa 2019, uliihusisha na karibu theluthi moja ya nimonia kali iliyoonekana kwenye picha ya kifua kwa watoto wasio na VVU.

Lakini ingia wodini wakati imefurika. Kitanda kimoja, watoto wawili, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Mama anampangusa mwanawe kamasi kwa pembe ya khanga, kisha kwa mkono uleule anamnywesha ORS mtoto wa pili, ambaye mama yake yuko kwenye foleni ya kulipia. RSV husafiri kwa mikono hiyo, na hukaa saa kadhaa kwenye chuma cha kitanda. Yule wa pili alilazwa kwa kuhara. Siku ya 3 anaruhusiwa, anacheka. Dalili za RSV kwa kawaida hutokea baada ya siku 4 hadi 6, basi kifua kinaanza kumbana akiwa nyumbani, na bibi anasema ni upepo. Katika daftari la wodi, mtoto huyo alipona.

Ndiyo maana wakubwa wanathubutu kusema majibu hayabadilishi kitu. Wamewahesabu lini waliouchukua ugonjwa kitandani pao? Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Hakiwanasi wote, lakini kila kinayemnasa, muuguzi wa zamu anajua asimlaze na nani. Kusogeza mtoto kitanda kingine kunagharimu shilingi ngapi?

Virudisheni vipimo. Nawe mama uliyelazwa na mwanao, kabla hujamshika wa jirani, nawa kwa sabuni.