Dhamana ya Pembea

Kila unapotokea msiba katika viwanja vya kufurahishia watoto na wakubwa, popote pale duniani, umma hugawanyika mafungu matatu kwa mpango usiobadilika sana kutoka nchi moja hata nyingine. Wako wanaoinamisha vichwa na kusema kuwa ajali haina kinga, na lililoandikwa limekwisha kuandikwa. Wako wanaowaka kwa ghadhabu na kumtafuta mtu mmoja wa kumtwika dhambi yote, ambaye aghalabu huwa yule kibarua aliyesimama karibu na kitufe. Na wako wanaoshikwa na fazaa, wakaapa kutowapandisha tena watoto wao katika pembea yoyote na kuitaka serikali ivifunge viwanja vyote kwa siku moja. Baada ya majuma machache mafungu yote matatu husahau, pembea hurudi kuzunguka, na lile swali ambalo lingewafaa walio hai, yaani nani aliukagua mtambo ule, lini, na aliandika nini, hukosa mtu wa kuliuliza.

Tutazame kisa cha Dreamworld, kiwanja kikubwa cha starehe kilicho Gold Coast, katika jimbo la Queensland nchini Australia, ambako tarehe 25 Oktoba 2016 watu wazima wanne walifariki dunia katika mtambo ulioitwa Thunder River Rapids Ride. Mtambo ule, uliokuwa ukifanya kazi tangu mwaka 1986, haukuwa wa kutisha hata kidogo, bali ulikuwa wa taratibu, wa kupandwa na mzazi pamoja na mwanawe: abiria waliketi katika vyelezo vya duara vilivyochukuliwa na maji ya mfereji, na mwisho wa safari kila chelezo kilipandishwa na mkanda wa mbao mpaka mahali pa kushukia. Alasiri ile pampu moja kati ya mbili zilizousukuma mto ule ilizimika. Maji yakashuka kwa haraka. Chelezo kimoja kitupu kikakwama juu ya vyuma karibu na mwisho wa mkanda. Na mkanda wenyewe, kwa kuwa haukuunganishwa na chombo chochote cha kuuarifu kwamba maji yamepungua, uliendelea kupandisha chelezo kingine chenye watu sita, hata kikakigonga kile kilichokwama, kikainuka na kunaswa katika mtambo. Watoto wawili waliokuwamo walinusurika.

Aliyesikia habari hii siku ile angeweza kudhani kuwa ni jambo la ghafula lisiloweza kutabiriwa na mwanadamu. Lakini uchunguzi wa hakimu wa vifo, ambao hukumu yake ilitolewa Februari 2020, ulifunua kuwa pampu ile ilikuwa imekwisha kuzimika mara mbili siku iyo hiyo, ikawashwa tena na kazi ikaendelea. Kwamba mwaka 2001 vyelezo vya mtambo huo huo viligongana na kupinduka katika majaribio, kwa bahati vikiwa vitupu. Na kwamba mwaka 2014 viligongana tena, na dawa iliyotumika ilikuwa kumfukuza kazi mwendeshaji mmoja. Kitufe kilichoweza kuusimamisha mkanda kwa muda wa sekunde mbili kilikuwapo, lakini kilikuwa mbele ya mfanyakazi aliyekuwa katika siku yake ya kwanza kwenye mtambo ule, ambaye hakuwa amefahamishwa vya kutosha kazi ya kitufe hicho. Na katika miaka 30 ya uhai wa pembea ile, hakuna mhandisi mwenye sifa aliyepata kuitwa aipime yote kwa jumla, toka pampu hata mkanda, na kuuliza litatokea nini siku kimoja kitakapokataa.

Hapa ndipo penye ibra kubwa, na napenda msomaji atue kidogo. Miaka 30 bila ya kifo ilichukuliwa na wenye kiwanja, na pengine na umma wote, kuwa ndiyo shahada ya usalama, ilhali miaka ile haikuthibitisha lolote ila kwamba pampu, maji, mkanda na macho ya waendeshaji havikuwahi kushindwa kwa pamoja katika dakika moja. Usalama wa jana si ushahidi wa usalama wa leo. Na tena, kadiri siku za salama zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo mwanadamu anavyozidi kughurika, akaiona hitilafu ndogo kuwa usumbufu wa kazi tu, akairekebisha kwa kuwasha upya, na asiiandike mahali popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu, lakini ni vigumu kuuziba ufa ambao kila mtu amekwisha kuuzoea.

Turudi sasa kwa wale wasemao kuwa ajali haina kinga. Sipendi kubishana na imani ya mtu, wala hapana mtu wa pwani asiyejua kuwa uhai na mauti havimo mikononi mwa mafundi. Walakini imani ile ile iliyotufundisha kutawakali ndiyo iliyotufundisha kumfunga ngamia kwanza. Kadari haimwondolei mtu dhamana. Mwenye kiwanja aliyepokea nauli ya mtoto amepokea pamoja nayo roho ya mtoto huyo kwa muda wa dakika tatu au nne, na akitokea kusema baadaye kuwa Mungu ndiye aliyetaka, amemsingizia Muumba taksiri ya mja. Neno la kadari ni faraja njema kwa mfiwa. Likitoka kinywani mwa mwenye mtambo huwa ni pazia.

Ghadhabu ya umma nayo ina haki yake, maana watu wasioghadhibika kwa kufa kwa wenzao wamekwisha kupotewa na utu. Huko Gold Coast maua yalirundikana mbele ya malango ya Dreamworld, na siku mbili tu baada ya vifo, mkutano wa wenye hisa wa kampuni iliyomiliki kiwanja ulipofikishiwa suala la malipo ya ziada ya mkuu wake, watu walichemka hata sehemu ya fedha hizo ikaahidiwa kupewa Msalaba Mwekundu. Ubaya wa ghadhabu ni kwamba hutaka mtu, haitaki mpango. Katika mji wa Kansas City nchini Marekani, mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo wa 2016, mtoto wa miaka 10 alikufa katika mtelezo wa maji uliokuwa mrefu kupita yote duniani, wenye kimo cha mita 51 hivi. Miaka miwili baadaye wahusika walishitakiwa kwa makosa mazito, na wengi wakatulia wakingojea kifungo. Lakini mwaka 2019 mashtaka yale yalifutwa, kwa sababu waliopima kesi mwanzoni walikuwa wameoneshwa ushahidi usiostahiki. Hata Uingereza, ambako watoto watano walikufa katika kiwanja cha Battersea, London, tarehe 30 Mei 1972, baada ya magari ya reli kuachana na kamba iliyoyavuta mlimani na breki kushindwa kuyazuia yasirudi nyuma, watu wawili walioshitakiwa kwa vifo hivyo waliachiliwa na mahakama.

Basi tukipima kwa insafu tutaona kuwa kilichobaki baada ya ghadhabu kutulia ni sheria, wala si kifungo. Kabla ya msiba wa Kansas City, sheria ya jimbo la Kansas ilimwachia mwenye kiwanja ajitafutie mkaguzi wake, na serikali ikaridhika na kupekua hati. Mwaka 2017 sheria ile ilikazwa. Kampuni iliyomiliki Dreamworld ilikiri makosa mwaka 2020 na kutozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6, fedha ambazo kwa kampuni kubwa hulipwa na kusahauliwa. Lakini Queensland ilikuwa imekwisha kuweka kanuni mpya za kuwalazimisha wenye viwanja vikubwa waoneshe kwa hoja na ushahidi kwamba mitambo yao ni salama, badala ya kungojea mtu mwingine aoneshe kuwa si salama. Hilo ndilo geuzo la maana. Mzigo wa kuthibitisha umetolewa mabegani mwa maiti ukawekwa mabegani mwa mfanyabiashara.

Ama fazaa, ambayo hudai kila kitu kifungwe, nayo inataka kujibiwa kwa upole, kwa kuwa hutoka katika mapenzi ya mzazi. Vifo vya pembea ni vichache mno ukivilinganisha na vifo vya barabarani, ambavyo hupoteza zaidi ya watu milioni moja duniani kila mwaka, na huenda safari ya kwenda kiwanjani kwa bodaboda ikawa na hatari kubwa kuliko pembea yenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo ibra yetu katika jambo lililo jirani na hili. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko mjini Tabora, ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Na toka hapo imekuwa ni desturi kila sikukuu inapokaribia kulisikia jeshi la polisi likitangaza kuwa disko toto ni marufuku. Silaumu tangazo hilo, lakini marufuku haihesabu milango ya ukumbi, wala haipimi upana wa ngazi, wala haisemi mwisho wa watu ni wangapi. Na watoto, ambao furaha ya Idi haiwezi kupigwa marufuku vifuani mwao, wataitafuta furaha hiyo mahali pengine, ambapo pia hapana aliyehesabu milango.

Wala nisieleweke kuwa ukaguzi wa jina tu unatosha. Katika maonesho ya jimbo la Ohio, tarehe 26 Julai 2017, pembea iliyoitwa Fire Ball ilikatika ikiwa katika mzunguko, kijana wa miaka 18 akafa na wengine wakajeruhiwa, ilhali wakaguzi wa serikali walikuwa wameipitisha siku ile ile. Waliounda mtambo ule walieleza baadaye kwamba kutu ilikuwa imeula mhimili kutoka ndani, mahali ambapo jicho la mkaguzi anayezunguka kwa nje halifiki. Kwa hiyo ukaguzi wa haki hujua unatafuta nini, hufungua kilichofungwa, na huuliza umri wa chuma. Jambo moja jema lilifanyika siku zile: waundaji hawakungoja hukumu, bali waliwataka wenye pembea za namna ile katika nchi nyingine wazisimamishe mpaka ijulikane sababu. Habari ya hitilafu ikisafiri upesi huokoa watu ambao hawatajua kamwe kuwa waliokolewa.

Maneno haya ya kutu yatugutushe sisi zaidi kuliko wengine. Pembea zetu nyingi zimesimama karibu na bahari, na mwenye chombo, fundi wa mabati, hata mwenye baiskeli ajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma huku rangi ya juu ingali inang'aa. Siku za Idi, kuanzia viwanja vya Kariakoo Unguja na Tibirinzi Pemba hata miji ya mwambao wa Kenya, watoto waliovishwa nguo mpya hujipanga kwa furaha isiyo kifani, na wazazi hutoa fedha bila ya kuuliza ila bei. Sheria za kuanzia zipo: Tanzania Bara inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya inayo yake ya mwaka 2007. Kinachotakiwa ni kuzitumia kwa mtoto aliye juu ya pembea kama zinavyotumika kwa kuli aliye chini ya winchi.

Tudai basi mambo machache, nayo yanawezekana. Kila kiwanja kibandike langoni cheti cha ukaguzi chenye tarehe, jina la mhandisi na umri wa mtambo, na mhandisi huyo asiwe mtumishi wa mwenye kiwanja. Kila pembea iwe na daftari la hitilafu, ndogo na kubwa, na mtambo uliozimika mara mbili kwa siku moja usiwashwe mara ya tatu mpaka sababu ijulikane. Kila mwendeshaji, hata akiwa kibarua wa siku mbili za sikukuu, afundishwe kusimamisha kabla ya kufundishwa kuendesha, na ahakikishiwe kuwa hatakatwa ujira kwa kusimamisha bila ya sababu, kwa kuwa kusimamisha bure mara kumi ni hasara ndogo kuliko kuchelewa mara moja. Na pembea zinazohama kutoka mji hata mji zikaguliwe kila zinapofungwa upya, kwa sababu kila kufungua na kufunga ni nafasi mpya ya kusahau parafujo moja.

Nawe msomaji, sikukuu ijayo utakapomshika mwanao mkono mbele ya dirisha la tikiti, uliza cheti kabla ya kuuliza bei. Na ukikosa kuoneshwa, rudisha fedha mfukoni, mwambie mwenye kiwanja sababu kwa sauti ambayo walio nyuma yako wataisikia, kisha mpeleke mtoto akacheze kwingine.