Makaa yakizimwa, mchimbaji ataingia darasa gani?

Midahalo ya tabianchi hapa chuoni ina pande mbili, na ukishamwona anayenyanyuka kuchangia unajua tayari atasema nini. Kuna wenzetu wa mazingira: makaa ya mawe yazimwe, tena jana. Halafu kuna wale wa "Ulaya wametajirika kwa makaa, leo wanatuzibia njia". Wote wanapigiwa makofi, tunarudi hosteli. Mimi nasomea ualimu, na swali ninaloona halipewi nafasi ni hili: kituo cha makaa kikifungwa, watu waliokuwa wanakula kwa sababu yake wanafundishwa nini, na nani, na lini? Hilo la lini ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.

Nianze na hao wa upande wa pili, maana hoja wanayo. Uingereza ilianza kuuza umeme wa makaa London mwaka 1882, ikazima kituo chake cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Miaka 142! Na mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga soko na Ulaya ikapiga marufuku makaa ya Urusi, wanunuzi walitupa macho hadi Ruvuma. Makaa ya Mbinga, ambayo tulizoea kuyasikia kwenye habari za viwanda vya saruji, yakaanza kupanda meli Mtwara. Mimi kwetu ni huko huko Ruvuma. Kwenye vijiwe vya barabarani hakuna aliyezungumzia hewa ukaa mwaka ule. Habari ilikuwa malori, madereva, na nani kapata tenda ya kupika chakula.

Sasa, wanaosema "tuna haki ya kuchimba" huwa wanaishia hapo. Haki sawa, ila soko halijui habari ya haki. Septemba 2022 tani moja ya makaa kwenye soko la kimataifa ilipita dola 400. Katikati ya mwaka uliofuata bei hiyo ilikuwa imeshaanguka chini ya dola 150. Hakuna mkutano wa tabianchi uliopitisha azimio la kuishusha. Mnunuzi aliyekuja kwa sababu ya vita anaweza kuondoka kwa sababu nyingine yoyote, na kijana aliyeacha shule akimbilie kazi ya turuboi hatapewa notisi ya miezi mitatu.

Wenzetu wa mazingira nao nawaomba watazame Komati. Kituo hiki kipo Mpumalanga, Afrika Kusini, nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake umekuwa ukitoka kwenye makaa. Kilianza kazi 1961, na mtambo wake wa mwisho ulizimwa Oktoba 2022. Mwaka mmoja kabla, pale Glasgow, nchi tajiri zilikuwa zimeiahidi Afrika Kusini dola bilioni 8.5 za mpito wa haki. Sehemu ndogo tu ilikuwa ruzuku. Iliyobaki karibu yote ni mikopo na dhamana, yaani deni. Na mwaka 2025 Marekani ikajitoa kwenye mpango wenyewe. Mwenye kumbukumbu za bumu kuchelewa ataelewa haraka ninachosema.

Komati ilikuwa iwe mfano wa dunia: jua, upepo, betri, na kituo cha mafunzo cha kuwageuza mafundi wa makaa kuwa mafundi wa umeme jadidifu. Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 497 kwa kazi hiyo. Ilipitisha lini? Novemba 2022, yaani mtambo umeshazimwa. Kwanza kufuli, kisha pesa, kisha ndipo darasa. Wafanyakazi wa kudumu walihamishiwa vituo vingine, na hilo ni jambo jema. Waliobaki mkono mtupu ni wa mikataba, na wenye biashara ndogo ndogo zilizokuwa zinaishi kwa mishahara ile. Tume ya Rais ya Tabianchi ya nchi hiyo ilipofuatilia, ilisema wazi kwamba maandalizi kwa ajili ya jamii yalichelewa. Kumbuka pia kwamba huo ulikuwa wakati wa mgao mkali wa umeme. Hebu mwambie mtu anayekaa gizani kwamba kituo cha jirani kimefungwa kwa faida yake! Leo kila asiyetaka mabadiliko Afrika Kusini ana neno moja tu la kumaliza ubishi: Komati. Haraka ile imewapa watetezi wa makaa silaha.

Kwa sisi wa kitivo cha elimu, mfano wa kusoma vizuri ni bonde la Ruhr, Ujerumani. Mwaka 1957 migodi ya makaa magumu ya nchi hiyo, mingi ikiwa huko, iliajiri takriban watu laki sita. Mwaka uliofuata soko likaanza kuyumba. Bonde lile lilikuwa na mamilioni ya wakazi na halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu cha Ruhr pale Bochum kilianza kufundisha 1965, Dortmund ikafuata 1968, Essen na Duisburg 1972. Sababu hazikuwa makaa peke yake, lakini tazama mpangilio. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel kule Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na uamuzi wa kuufikisha mwisho huo ulishatangazwa 2007. Mtoto wa mchimbaji alipata miaka 53 ya kuchagua kati ya mgodi na darasa. Uingereza ya miaka ya 1980 haikutoa muda wa namna hiyo. Baada ya mgomo wa 1984 na 1985 mashimo yalifungwa mfululizo, na vijiji vingi havijasimama vizuri hadi leo.

Sisemi Ruhr ni peponi. Mji wa Gelsenkirchen bado una ukosefu wa ajira wa kutisha kwa viwango vya Ujerumani, na nchi yenyewe bado inachoma makaa laini, sheria yao ya 2020 ikiweka ukomo 2038. Tena sisi hatuna miaka 53, tabianchi haitusubiri. Lakini miaka kumi tunaweza kuipata, tukianza leo.

Tanzania umeme wetu ni wa maji na gesi zaidi, kwa hiyo hatuna Komati ya kufunga. Tulichonacho ni migodi na vijana walio pembeni yake. Na vifaa vya kazi, jamani, tunavyo. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii, ukubaliwe na halmashauri. Mara nyingi ukisikia mipango ya namna hii ni madawati, zahanati, kisima. Vyote vinahitajika. Lakini kwenye wilaya za makaa, sehemu ya mpango huo ingelipia vijana wasome ufundi ambao hautakufa na makaa: umeme wa majumbani, sola, mitambo, uchomeleaji.

Pili, mkondo wa amali umeshaanza sekondari tangu 2024. Amali gani inafundishwa Mbinga, na nani ameketi akafikiria kijana wa pale atakuwa anafanya nini 2035? Hilo ni swali la mtaala, na mtaala ni kazi yetu sisi tunaojiita walimu watarajiwa. Wa fizikia wapo humu humu vitivoni, na wengi wanaombea wapangiwe mjini.

Naiomba serikali ya wanafunzi, mdahalo wa semista ijayo umwalike mtu wa VETA, afisa elimu wa wilaya yenye mgodi, na dereva mmoja wa malori ya makaa. Wa mazingira na wa "tuna haki" nao wakae mezani kama kawaida, ila safari hii kila upande uje na ratiba: mwaka gani darasa linafunguliwa, mwaka gani mgodi unafungwa.